Misumari kwenye Paa la Baba

Kitale,
Jumanne, 13 Aprili 2004

Mpendwa Senge Phelista,

Mulembe, Senge. Katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama amesema nisiyaandike, kwa sababu wewe ni dada yake Baba na sina mtu mzima mwingine wa kumuuliza.

Siku ya Pasaka, tulipotoka kanisani, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mlima Elgon. Tulikuwa tunakula wakati upepo ulipokuja. Ulianza kwa mbali, ukanguruma kama lori linaloshuka mlima bila breki. Tukasikia misumari ya paa ikitoka mmoja baada ya mwingine, kama meno yanayong'olewa, kisha bati la juu ya kitanda cha Mama likainuka, likapigapiga, likaenda. Tuliliokota katika shamba la Mama Chelangat, jirani yetu. Namshukuru Mungu kwamba Mama alikuwa amempakata Wekoye wakati huo, maana mvua ya mawe ilijaa kitandani palepale mtoto alipokuwa amelala kabla ya chakula.

Sasa Mama na mtoto wanalala jikoni. Wekoye hajamaliza mwezi tangu azaliwe na tayari anakohoa. Jana tulimpeleka kliniki. Muuguzi alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akasema mtoto asikae penye moshi wala penye unyevu. Tuna nyumba mbili tu, Senge: moja ina moshi na nyingine ina maji.

Nilikwenda kwa fundi Kemboi. Nilimkuta akifunga ng'ombe kwenye plau.

"Fundi, tafadhali, ni bati moja tu."

"Msichana, mvua imeanza na mbegu yangu bado iko kwa gunia. Kuja tukimaliza kupanda."

"Lakini mtoto anakohoa."

"Si hata wangu watakohoa njaa nisipopanda?"

Sikuweza kumkasirikia. Wanaume wote wa huku wako mashambani, na hata wale wa mtaa wa Kipsongo wanaotafuta vibarua wamechukuliwa kwenda kupanda mahindi ya watu.

Ngazi tunayo. Nyundo ya Baba iko chini ya kitanda, na misumari ya bati iko kwenye mkebe. Lakini Mama anasema mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba ambayo mwenyewe yu hai. Anayepanda ni kama anatangaza kwa miguu yake kwamba mwenye nyumba hayupo tena. Nilimuuliza kama ni kweli. Akaniambia, "Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba baba yako yuko hospitali, na mimi sitaki kujaribu."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mimi si mke wake, ni binti yake. Je, ninaweza kupanda? Ninaogopa, Senge. Naogopa mwiko na naogopa ngazi yenyewe. Katika maisha yangu nimepigilia msumari mmoja tu, wa kutundikia kalenda, na kalenda ilianguka siku hiyohiyo.

Operesheni ya tumbo ya Baba ilikwendaje? Mama anasema ulifanya vizuri kumchukua kwenda Bungoma, kwa kuwa wakati ule yeye na ujauzito wake asingeweza kumuuguza. Tafadhali usimwambie Baba habari ya bati. Ataondoka kitandani na kidonda chake aje kulipigilia.

Barua hii ninampa Nyongesa wa lori la mahindi. Atapita kwako leo, na siku ya Ijumaa atarudi Kitale.

Mtoto wako mtiifu,
Nasambu


Bungoma,
Alhamisi, 15 Aprili 2004

Nasambu mwanangu,

Hapana. Nimeanza na jibu ili usihangaike kulitafuta katikati ya barua.

Ati wewe ni binti, si mke! Na huyo binti anakula kwa nyumba gani? Msichana akisimama juu ya paa la baba yake aliye mgonjwa, watu watamwangalia nani, wewe au yeye? Mimi ni mtu wa kanisa, nimevaa kitambaa cha akina mama miaka mingi, na bado kuna mambo ambayo siendi kuyachokoza. Mama yako amekueleza vizuri. Msikilize.

Tena wewe mwenyewe umesema kalenda ilianguka. Kalenda ni karatasi. Wewe ukianguka tutaokota nini?

Baba yako anaendelea vizuri. Operesheni ilikwisha salama na daktari alifurahi. Leo asubuhi amekunywa uji, amegombana na wauguzi kwamba hauna sukari, kisha akaniuliza kama mmepanda mahindi. Nimemwambia mmepanda. Kama hamjapanda, mnipandie haraka nisiwe mwongo. Habari ya bati sikumwambia.

Jumamosi nitamtuma mwanangu Derrick aje na nyundo yake. Yeye hana akili nyingi lakini ana mikono. Mfungeni mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, msimweke karibu na jiko.

Ninaenda sasa hospitali kumpelekea chakula cha mchana. Ametaka kuku. Mtu anayetaka kuku hafi.

Senge yako,
Phelista


Kitale,
Jumapili, 18 Aprili 2004

Mpendwa Senge,

Barua yako ilinifikia Ijumaa jioni. Nyongesa alinipungia akiwa juu ya lori akasema, "Chukua hiyo, msichana. Zamani nilikuwa nabeba mahindi, siku hizi nabeba siri za wanawake." Wote waliokuwa barabarani wakacheka. Mimi niliisoma hapohapo.

Senge, nilikuwa nimeshapanda. Nilipanda Alhamisi mchana.

Sikukusudia kukudharau. Asubuhi hiyo Wekoye alikohoa mpaka midomo yake ikabadilika rangi, na Mama akatoka naye nje akimpeperusha kwa leso huku akiita jina lake kama mtu aliye mbali. Nilipoona hivyo nilichukua nyundo. Mama aliniona. Aliingia jikoni, akaketi akiupa mlango mgongo, na tangu wakati huo hajanisemesha.

Mama Chelangat ndiye aliyenishikia ngazi. Yeye ni mtu wa mlimani, kwao hakuna mwiko huo, na hakuona ajabu yoyote ila mimi mwenyewe. "Wewe unapanda kama paka," alisema, "lakini utashuka kama gunia." Nilipofika juu nililala kwa tumbo kama mjusi, miguu yangu ikiwa bado kwenye ngazi, nikalivuta bati kwa kamba. Kila mara ngazi ilipotikisika nilifunga macho. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliruka ukaenda kwenye nyasi. Wa tatu ulikuwa kidole changu.

"Hicho si msumari!" Mama Chelangat akapiga kelele kutoka chini.

"Najua!"

"Basi mbona unakipiga?"

Nilicheka huku nikilia. Kisha nikagundua jambo nililoliona kuwa la akili sana. Bati lina migongo na mabonde, na bondeni ndipo linapogusa mbao. Msumari ukiwa bondeni hauyumbi. Nikapiga yote bondeni, na kila mmoja uliingia vizuri, na sauti ilibadilika kutoka ile ya bati tupu ikawa nzito, sauti ya kitu kilichoshika. Senge, sijui nikueleze vipi. Nilishuka, nikasimama katikati ya ua, nikalitazama bati langu. Lilikuwa limekaa upande kidogo kama kofia ya mlevi, lakini lilikuwa juu, na mimi ndiye niliyeliweka. Shuleni nimewahi kuwa wa kwanza katika insha, na sikufurahi hivyo.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa mchana. Mvua ilipokuja, Mama alimleta mtoto kitandani. Maji yakaanza kuingia penye kila msumari, tone baada ya tone, kwa mstari ulionyooka. Mama akambeba mtoto, akarudi naye kwenye moshi. Mimi niliyetaka kuziba tundu moja kubwa nimetoboa madogo mengi.

Jana nilimngoja Derrick langoni kutwa. Hakuja.

Nina swali, na tafadhali usilipite: Alhamisi mchana Baba alikuwa katika hali gani?

Nasambu


Bungoma,
Alhamisi, 22 Aprili 2004

Nasambu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Usipande tena. Derrick hawezi kuja kwa sasa, anahitajika hapa. Mambo ya hospitali ni ya watu wazima, na nyinyi huko mna kazi yenu ya mtoto. Mfunike vizuri.

Samahani kwa mwandiko. Tangu Alhamisi ile sijalala kwenye kitanda changu, na hili benchi la wodi halina mahali pa kuegemeza karatasi.

Usimwonyeshe mama yako barua hii. Mwambie nimewasalimu. Muombe.

Phelista


Kitale,
Jumamosi, 24 Aprili 2004

Senge, karatasi hii si yako. Ni ya Baba. Nakuomba kwa magoti umsomee kama ilivyo.

Baba yangu,

Tulikubaliana kukuficha ili usipate wasiwasi. Sasa ninaona kwamba mwenye haki ya kujua kuliko wote ni wewe. Siku ya Pasaka upepo uling'oa bati la juu ya kitanda chenu. Mtoto wako, ambaye hujamwona bado, amelala jikoni penye moshi na kifua chake kinabana. Alhamisi ile mimi nilipanda juu ya nyumba yako na kulirudisha bati. Sikupewa ruhusa na mtu yeyote.

Senge hakuniambia ulipatwa na nini, lakini ameandika kwamba tangu Alhamisi hiyo halali nyumbani kwake. Siku ni ileile, Baba. Nimejaribu kuihesabu iwe siku nyingine na imekataa.

Mwalimu wetu wa sayansi husema jambo moja kufuata jingine si ushahidi kwamba la kwanza limesababisha la pili. Shuleni nililiandika na nikapata vema. Lakini mchana, nikiwa peke yangu uani, nikitazama ile ngazi, ninasikia tu maneno ya Mama. Na kinachoniogopesha zaidi ni kwamba niliposhuka nilikuwa nafurahi. Labda nilikuwa natabasamu wakati uleule walipokuwa wakikukimbiza na machela.

Kazi yangu haikuwa nzuri. Nilipiga misumari bondeni na paa linavuja kila mahali nilipogusa. Leo Wekoye amekataa kunyonya. Muuguzi ametupa dawa, na ameuliza tena kama tumepata mahali pakavu pasipo moshi.

Nikipanda tena naogopa kukupoteza wewe. Nisipopanda naogopa kumpoteza yeye. Nyumba ni yako. Sema neno moja nami nitalifuata, liwe ndiyo au hapana.

Mtoto wako,
Nasambu


Bungoma,
Alhamisi, 29 Aprili 2004

Mwanangu Nasambu,

Ninasema mimi, Sifuna, na Senge wako anaandika, kwa sababu mkono wangu umefungwa sindano ya maji. Barua yako nimesomewa yote.

Panda. Nyumba ni yangu na ni mimi ninayekutuma. Anayetumwa na mwenye nyumba ni mkono wa mwenye nyumba, na hakuna mkono unaoweza kumletea mwenyewe msiba. Ukiwa juu, mtu akikuuliza, mwambie hivyo.

Sasa sikiliza kazi. Msumari wa bati haupigwi bondeni kwa kuwa bondeni ndimo maji yanamopita. Hupigwa mgongoni. Ng'oa uliyopiga kwa kucha za nyundo, polepole, usipanue matundu. Pale wanapotengeneza barabara hukosi madonge ya lami yaliyomwagika. Okota, yayeyushe kwenye mkebe, uzibe matundu ya zamani. Kata patipati kuukuu vipande vidogo vya mviringo, uvishe kila msumari kimoja chini ya kofia yake. Usipige mpaka mgongo wa bati ubonyee. Raba ikishabanwa, acha.

Usilale kwa tumbo, huwezi kupiga msumari wima ukiwa umelala. Simama. Kanyaga penye safu ya misumari, chini yake ndipo kuna mbao. Usikanyage katikati ya safu na safu.

Mimi ninapata nafuu. Usiogope. Msalimie mama yako na umbusu mtoto.

Baba yako,
Sifuna


Kitale,
Jumapili, 2 Mei 2004

Mpendwa Senge,

Ijumaa Nyongesa alisimamisha lori akashuka mwenyewe kuniletea barua. Hakutania. Nilimuuliza kama amemwona Baba, akasema barua alipewa na jirani yako, kwamba wewe ulikuwa hospitali. Kisha akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Niliisoma barua kwa sauti kwenye mlango wa jikoni. Mama alikuwa amenipa mgongo kama kawaida yake ya siku hizi. Nilipofika pale Baba anaposema "panda", mgongo wake ulitikisika. Nilipomaliza aliniomba kwa mkono niirudie, nami nikairudia. Jana asubuhi alimfunga Wekoye kwenye mgongo wa Mama Chelangat, akatoka uani, akaishika ngazi yeye mwenyewe.

Lami niliipata barabarani, ngumu kama mawe. Niliiyeyusha kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na nikaunguza nyusi zangu kidogo. Patipati nilizikata za kwangu, kwa kuwa za Mama bado ni nzima. Vipande vya kwanza havikuwa mviringo hata kidogo. Mama Chelangat aliniuliza kama ninatengeneza raba au ninakata mihogo.

Kisha nikapanda. Nilisimama kama nilivyoagizwa. Sikujua paa linavyoonekana mtu akiwa amesimama juu yake, Senge. Niliona Kipsongo yote na moshi wake, na mlima, na watu barabarani waliosimama kunitazama. Mzee mmoja akaita, "Wewe msichana, hiyo nyumba haina mwenyewe?" Nilimjibu, "Anayo, na ndiye amenituma!" Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Niling'oa misumari yangu ya bondeni. Kila mmoja ulilia ukitoka. Niliziba matundu kwa lami, nikaanza upya mgongoni. Nilijifunza kuushika msumari chini, karibu na ncha, na kuugonga taratibu mpaka usimame wenyewe, ndipo kupiga kwa nguvu. Sikujipiga kidole tena. Mkono ulikuwa umeanza kujua kabla yangu. Nilikanyaga safu ya kwanza, ikanibeba. Nilikanyaga ya pili, ikanibeba. Nikainua mguu kwenda ya tatu, ile ya juu ya kitanda.

Mbao ilivunjika. Haikutoa sauti kubwa, ilitoa sauti ya biskuti. Bati likabonyea, mguu wangu ukateleza katika mwanya kati ya mabati mpaka kwenye paja, na nyundo ikaporomoka ikaanguka karibu na Mama.

"Siyo hapo, Nasambu! Hapo pameliwa na mchwa!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Mama kunisemesha tangu siku ile nilipopanda. Nilikaa nimeng'ang'ania bati, damu ikitiririka kwenye goti, na sikuhisi maumivu kwa sababu nilikuwa nasikiliza sauti yake. Akaendelea, akipaza sauti kana kwamba mimi ndiye niliyekosa, "Mbao ya tatu haikanyagwi! Baba yako anajua! Tangu Krismasi anasema akivuna ataibadilisha. Hata yeye mwenyewe akipanda huiruka. Hata Kemboi alimkataza asi—"

Tulitazamana, yeye chini nami juu. Mama Chelangat alikuwa akimbembeleza mtoto kule mlangoni, na wimbo wake nao ukakatika.

Nilidhani Mama ataniambia nishuke. Aliinama, akaokota nyundo, akapanda ngazi mpaka palepale kichwa chake kilipolingana na ukingo wa paa, akaninyooshea. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Malizia," alisema.

Nikamalizia. Kwanza nilishuka nikaingia ndani, nikaweka meza juu ya kitanda na kigoda juu ya meza, nikafunga mti mwembamba wa mkaratusi kwa waya kando ya ile mbao iliyoliwa, kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuwa nimeambiwa na mtu, na barua haikusema. Nilifikiri tu kwamba msumari lazima ushike kitu. Waya ulilegea mara nyingi kabla sijagundua kwamba unapitisha kijiti kwenye kitanzi na kukizungusha mpaka unakaza. Nilipojaribu kuutikisa mti na ukakataa, nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mtu aliyefunga bao. Kisha nikapanda tena, nikapiga misumari ya mwisho, kila mmoja na raba yake.

Mvua ilikuja saa za chai. Mama alimleta Wekoye, akaketi naye kitandani bila kumlaza, akitazama juu. Mimi nilisimama na sufuria mkononi, tayari. Mvua ilipiga paa mpaka hatukuweza kusikiana. Tulingoja tone la kwanza. Mama alipapasa blanketi hapa na pale, akapapasa tena, kisha akamlaza mtoto. Akaniinamia sikioni, akasema, "Sikia inavyobisha hodi. Leo haifunguliwi." Akacheka kidogo, Senge. Wekoye amelala usiku kucha na leo asubuhi amenyonya mpaka maziwa yakamtoka puani. Bado anakohoa, lakini midomo yake ina rangi ya midomo.

Nimekaa kwenye kile kigoda ninakuandikia, na kila nikiinua macho ninaona kazi yangu. Mti umepinda, waya umevimba kama bandeji, na lami imechuruzika ikaacha alama kwenye ukuta. Fundi Kemboi alipita leo baada ya kanisa, akaingia, akatazama kwa muda, akasema, "Ni mbaya kabisa, na itakaa miaka." Nilijisikia mrefu.

Halafu furaha hiyo inanipeleka moja kwa moja kwenye hofu, kwa sababu ninajua barabara yake, nimeshaipita.

Baba ndiye aliyeezeka nyumba hii. Anaijua mbao ya tatu. Mtu aliyeandika barua ile anajua kazi ya mabati, na aliieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote, lakini aliniambia nikanyage kila safu, hata ile moja ambayo Baba asingenituma kuikanyaga. Nimejiambia kwamba dawa za hospitali husahaulisha. Nimejiambia kwamba alikuwa na maumivu, na akili ya mtu mwenye maumivu huruka vitu. Ninataka sana iwe hivyo. Mama hajaniuliza lolote, ila ameichukua barua na kuiweka ndani ya Biblia yake, na leo kila lori liliponguruma barabarani alitoka mpaka langoni, ingawa anajua Nyongesa hapiti Jumapili.

Ikiwa ulimuuliza fundi fulani wa huko Bungoma na kutia jina la Baba chini, sitakasirika. Mtoto analala pakavu, na nimejua kufanya kitu ambacho hakuna atakayeninyang'anya. Nitakushukuru hata hivyo. Lakini nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba mwenye nyumba amenituma, na ninahitaji kujua kama nilisema kweli. Usinifiche kwa sababu mimi ni mtoto, wala usiniambie niombe, maana ninaomba. Nyongesa atafika kwako Jumanne. Amekubali kungoja mlangoni mpaka umpe jibu, hata likiwa neno moja kwenye kipande cha gazeti.

Senge, maneno yale yalitoka kinywani mwa Baba?

Nasambu